Kibodi ya Kijerumani ya Mama Eva

Hilaria hakuwa na tabia ya kuangalia vidole vyake akiwa kazini. Alifundishwa hivyo akiwa msichana, Mbulu mjini, katika darasa la masista. Kila mwanafunzi alifunikwa mikono kwa kitambaa cheupe, upande mmoja kimefungwa kwenye mashine ya chapa, upande wa pili shingoni mwake, kama mtoto anayelishwa uji. Aliyeinua kitambaa kuchungulia herufi alipelekwa kupalilia maharage ya masista mpaka kipindi kiishe. Muhula wa kwanza Hilaria alipalilia sana. Muhula wa pili vidole vilikuwa vimeshajua njia, na jembe akaliaga.

Elimu ile ndiyo iliyomlisha. Chama cha ushirika kilimwajiri wakati ambapo wakulima wote wa wilaya walikuwa bado wanauza mazao yao kupitia mlango mmoja. Kisha likaja soko huria. Wafanyabiashara wakaingia na malori mpaka mashambani, wakinunua mbaazi na ngano kwa fedha taslimu, na chama kikaanza kukonda. Makarani wakaambiwa wapumzike, mmoja baada ya mwingine. Zamu ya Hilaria ilipofika, kasha la chama lilikuwa limebaki na funguo tu, kwa hiyo walimpa mashine aliyokuwa akichapia. Aliifunga mgongoni kwa kanga mbili akaenda kupanda basi la Katesh. Abiria mmoja alimpisha kiti akidhani amebeba kichanga, na basi lilipoingia kwenye shimo la kwanza kichanga kikalia kengele.

Pale Katesh aliweka meza kwenye baraza la duka la mzee Tawakali, mfanyabiashara ambaye baba yake alihamia kutoka Kondoa. Baada ya mzee kufariki, mwanawe Abdulrahim aliligeuza duka kuwa steshenari, akanunua mashine ya fotokopi, akamwingiza Hilaria ndani kwenye kona ya dirishani. Walikubaliana kugawana mapato ya uchapaji. Abdulrahim alikuwa anamfahamu tangu akiwa amevaa kaptula, na mpaka leo humwamkia shikamoo kila asubuhi kabla hajafungua kufuli.

Sasa ni lazima ieleweke jinsi Hilaria alivyofanya kazi, maana bila hilo mambo yaliyofuata hayataeleweka. Wazee wa Masakta, Dirma na vijiji vya kule hawakumjia na karatasi. Walimjia na maneno. Mzee alikaa kwenye stuli mbele yake, akaulizwa habari za nyumbani, za mvua na za mifugo, kisha akaanza kusema shida yake kwa Kiiraqw. Hilaria alimtazama usoni, akamsikiliza kwa lugha ile, na vidole vikaandika kwa Kiswahili. Mzee alisema kipande, akanyamaza kusikiliza mlio wa mashine, na mlio ulipotulia akaendelea na kipande kingine. Hakuna aliyewafundisha kufanya hivyo. Walizoeana tu, mashine na wazee. Na wazee walipenda kwamba wakati wote ule kulikuwa na mtu anayewatazama, kwa sababu katika ofisi nyingine walizopitia waliongea na utosi wa karani.

Mkoa wa Manyara ulipozaliwa, kazi iliongezeka maradufu. Kila kikundi na kila kanisa lilitaka karatasi mpya zisizotaja Mkoa wa Arusha. Watu walitania kwamba Hilaria ndiye aliyeuhamisha mkoa kwa vidole vyake. Miaka kumi na kitu ikapita hivyo. Kisha utepe wa wino ukaadimika madukani, ofisi zikaanza kukataa karatasi za taipureta, na Abdulrahim akaleta kompyuta ya mtumba na printa.

Kompyuta yenyewe haikumtisha Hilaria. Alijifunza kuhifadhi na kutoa kazi bila taabu. Kilichomshinda ni kibodi. Ilikuwa nyembamba, na chini ya vitufe kulikuwa na mpira laini. Ukibonyeza, kidole hakijui kama herufi imeingia au imebaki njiani. Basi akawa anabonyeza kwa nguvu kama alivyozoea, na herufi zikaingia mbilimbili au zisiingie kabisa. Ili kuhakikisha, akaanza kuangalia chini. Na alipoangalia chini, vidole vikasahau njia, kama mtu anayeshuka ngazi huku akiwaza mguu gani unafuata.

Mzee Basili wa Masakta ndiye aliyekuwa wa kwanza kuondoka. Alikuja kuandikisha mgawanyo wa shamba lake kwa wanawe wawili. Alisema kipande cha kwanza akanyamaza kungoja mlio. Hakuna mlio. Akarudia. Hilaria, kichwa kimeinama, akasema, "Endelea tu, mzee, nakusikia."

"Unanisikia kwa nywele?" Mzee Basili akauliza.

Alichukua fimbo yake akaenda kwa vijana wa steshenari ya karibu na stendi. Wengine wakamfuata. Waliobaki walirudisha karatasi zenye makosa, na Hilaria akazichapa upya bila malipo.

Asubuhi moja Abdulrahim alikuja mpaka kwenye kona ya dirishani.

"Shikamoo, Mama Eva."

"Marahaba. Ulishaniamkia mlangoni. Ukirudia, kuna jambo."

Abdulrahim alikuna shavu. "Kuna mtu wa uwakala wa pesa za simu anatafuta kona."

"Kona ipi?"

"Hiyo uliyokalia."

Hilaria alinyanyua macho akamtazama, na Abdulrahim akageukia mashine ya fotokopi ingawa haikuwa na kazi.

"Sikufukuzi, mama yangu. Lakini unaona mwenyewe. Wazee wanatupita wanaenda stendi."

"Si mimi wanayemkimbia. Ni hii kibodi."

"Hii ni ya pili. Ya kwanza uliipiga mpaka A ikazama. Haijaibuka mpaka leo."

"Nipe hela ya kibodi ya tatu, ila safari hii nikaichague mwenyewe, Babati."

"Kibodi zote si zile zile tu?"

"Uliponunua pikipiki ulijaribu ngapi?"

Abdulrahim akacheka bila kutaka. "Nne."

"Basi."

Walikubaliana kwamba ataipata hela, na kwamba mambo yataonekana siku ya mnada wa mwezi, wazee wanapoteremka Katesh na ng'ombe, na karatasi za mauziano na za mashamba huandikwa kwa wingi kuliko siku nyingine. Ikiwa siku hiyo kona ya dirishani itakuwa tupu, mtu wa uwakala ataipata. Hilaria alikubali. Nyumbani Jorodom usiku ule hakumwambia bintiye Eva habari za uwakala. Alimwambia tu kwamba anakwenda Babati kununua kifaa.

Duka aliloelekezwa lilikuwa nyuma ya stendi ya Babati, limejaa kompyuta za mtumba zilizopangwa kama matofali. Mwenye duka alikuwa mwanamke kijana anayeitwa Farida, mwenyeji wa Dongobesh, aliyeanza biashara hiyo baada ya ofisi za mkoa kujaa mjini.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Natafuta kibodi inayolia."

Farida hakucheka. Aliuliza, "Inayolia kwa kuharibika, au inayolia kwa uzima?"

"Kwa uzima. Nibonyeze, inijibu."

"Ah. Hiyo siyo ya mpira. Unataka yenye springi chini ya kila kitufe." Akatoa boksi jipya, akaichomeka iliyokuwa ndani, nayo ikawaka taa nyekundu, za kijani na za buluu. "Hii wananunua vijana wa magemu. Isikilize."

Hilaria aliweka vidole akachapa sentensi moja. Vitufe vilishuka, vikagota, vikarudi. Alihisi mabega yake yakilegea kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Kisha akauliza bei, na mabega yakapanda tena. Ilikuwa karibu mara mbili ya alichopewa. Farida alipunguza kidogo, lakini hata hivyo tofauti ilikuwa kubwa, na ingebidi Hilaria aguse akiba ya mbolea.

"Na hizi taa zinazimwa?" akauliza, ili apate muda wa kufikiri.

"Zinazimwa, mama. Bei ndiyo haizimwi."

Upepo ukavuma na mlango wa duka ukagonga. Farida akausukuma kwa mguu, akavuta kitu kizito cha rangi ya maziwa yaliyoganda akakiegemeza mlangoni. Hilaria aliona vitufe.

"Hiyo nayo ni nini?"

"Hii? Ni kibodi pia. Ilikuja na kompyuta za zamani kutoka Ujerumani. Springi zake nzima kabisa, zinashinda hata za ile yenye taa. Lakini haiuziki, mama. Herufi zake zimechorwa Kijerumani. Hapa pa Y wamechora Z, pa Z wamechora Y, na huku kuna herufi zenye vidoti kichwani. Nimeiuza mara mbili, imerudi mara mbili."

"Na bei yake?"

Farida akataja bei iliyokuwa chini ya ile ya kibodi ya kawaida. "Ila ya tatu hairudi. Nimechoka kuipokea."

Hilaria aliomba ichomekwe. Akaifuta vumbi kwa kanga, akakaa, akaangalia vitufe. Akatafuta Y, akaona Z. Akasita. Akaandika mstari mmoja, na kwenye kioo ukatoka upuuzi mtupu. Akajaribu tena polepole, akiangalia kila kitufe, na mambo yakazidi kuharibika.

"Nilikuambia, mama," Farida akasema kwa upole, akanyoosha mkono kuchomoa waya.

"Subiri kwanza. Hebu niambie habari za mama yako."

"Mama yangu?"

"Si umesema kwenu Dongobesh? Nieleze anafanya nini saa hizi."

Farida alimwona ni mtu wa ajabu, lakini mteja ni mteja. Akavuta kiti, akaanza kueleza kwamba mama yake ana duka la nguo, kwamba ana ugomvi na jirani juu ya kuku, na kwamba kuku mwenyewe alishachinjwa zamani lakini ugomvi bado uko hai. Hilaria alimtazama usoni muda wote, akitikisa kichwa, akiuliza hili na lile. Farida alipofika kwenye kuku alisahau kabisa kwamba kuna kibodi. Alipomaliza, akageukia kioo na kukuta ugomvi wote umeandikwa, kila Y na kila Z mahali pake.

"Mbona sasa imekubali?"

"Kompyuta haijui kilichochorwa juu ya kitufe," Hilaria akasema. Alikuwa amelielewa jambo hilo wakati huo huo. "Inajua kitufe kiko wapi. Ukiiangalia ndiyo inakudanganya."

Lakini kazi haikuwa safi kabisa. Kabla ya baadhi ya herufi kubwa kulikuwa na kimstari kilicholala mshazari. Farida akamwonyesha sababu yake: kitufe cha herufi kubwa upande wa kushoto kilikuwa kifupi, na pembeni yake Wajerumani waliongeza kitufe kingine ambacho kidole kidogo cha Hilaria kilikuwa kinakikanyaga. Hilaria akatazama ile yenye taa, akatazama ya mlangoni, akakumbuka kwamba hairudi. Kisha akalipa ya mlangoni. Farida aliifunga kwenye gunia la unga, akampa na chenji ya nauli.

Abdulrahim hakufurahi. Aliichomeka mwenyewe ili aandike tangazo la mlangoni, kwa vidole vyake viwili vinavyowinda herufi moja moja.

"Nimebonyeza 'ya', imeandika 'za'. Steshenari za Tawakali. Nina steshenari ngapi mimi?"

"Kutokana na hii utapata ya pili."

"Mama Eva, nimekutuma kibodi, umeniletea fumbo. Mnada ukitushinda, usije ukaniambia tusubiri mwingine."

"Sitakuambia."

Siku zilizobaki alizitumia kukifundisha kidole kimoja. Wateja walipokosekana aliandika Masakta, Mogitu, Mkoa wa Manyara, Kijiji, Halmashauri, maneno yote yenye herufi kubwa ambayo wazee huyahitaji. Kidole kilijifunza, ingawa kilipochoka kilirudia kosa lake.

Siku ya mnada Katesh ilijaa vumbi na sauti za ng'ombe. Saa nne hivi mlango wa steshenari ulifunguliwa, akaingia Mzee Basili. Nyuma yake walikuwepo watu kadhaa, na mama mmoja wa Dirma aliyekuja kuandikisha mauzo ya dume lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nimerudi. Wale vijana wa stendi wameniambia nifupishe."

"Ufupishe nini?"

"Maneno. Nimelima shamba miaka yote hiyo, halafu nilifupishe."

Alikaa kwenye stuli, akajibu habari za mvua, kisha macho yake yakatua kwenye kibodi. Mzee Basili alikuwa amesoma elimu ya watu wazima, na herufi alizijua vizuri. Aliinama, akasogea, akainua uso.

"Hizi si herufi zetu. Hizi zina vidoti."

"Ni mashine ya Wajerumani, mzee, lakini..."

"Wajerumani," Mzee Basili akarudia. Aligeuka akawatazama walio nyuma yake. "Babu yangu aliandikwa jina na Mjerumani. Akafikiri anaandikiwa malipo, kumbe ameandikwa kubeba mizigo. Sasa shamba langu nalo liandikwe Kijerumani? Nani Masakta atalisoma?"

Watu wakanong'onezana. Mama wa Dirma akakunja karatasi yake ya mnada akaitia kwenye kikapu. Abdulrahim aliacha fotokopi ikitema karatasi, akasimama.

Hilaria akaanza kueleza. Alionyesha kwa kidole kitufe hiki na kile, akasema hiki kimechorwa hivi lakini kinaandika hivi, na kadiri alivyoonyesha ndivyo walivyozidi kuona kwamba kuna ujanja. Hata yeye mwenyewe, kwa kuzikodolea macho zile herufi, akahisi vidole vyake vinaanza kupotea. Mzee Basili akashika fimbo yake.

Hilaria akaacha kueleza. Alivuta kitambaa kinachofunika printa isiingie vumbi, akakikung'uta dirishani, akakitandaza juu ya kibodi na juu ya mikono yake yote miwili.

"Mzee," akasema kwa Kiiraqw, "Mjerumani nimemfunika. Zungumza na mimi."

Mzee Basili alikitazama kitambaa, akamtazama Hilaria. Hilaria alikuwa anamtazama yeye. Mzee akaiegemeza fimbo ukutani, akakohoa, akasema kipande cha kwanza: yeye ni nani, mwana wa nani, na shamba lake linaanzia wapi. Akanyamaza. Chini ya kitambaa vitufe vikalia, tokotoko, kama mtama unaomwagwa kwenye sinia, kisha vikatulia. Mzee akatikisa kichwa kidogo. Akasema kipande cha pili. Hakufupisha. Alieleza jiwe la mpaka lilivyohamishwa na mafuriko, na nani alikuwepo liliporudishwa, na kwa nini mwanawe mdogo apewe upande wa mto.

Printa ilipotoa karatasi, aliidai mkononi kabla haijasomwa na mtu mwingine. Aliisoma kwa kidole, taratibu, midomo ikitembea. Duka lote likamngoja.

"Ni Kiswahili," akatangaza. Kisha kidole kikasimama. "Na hiki kijiti mbele ya Masakta ni nini?"

Hilaria akainama kuangalia. Kidole kidogo kilikuwa kimefanya lake. "Ni kosa langu, mzee. Nakifuta sasa hivi."

"Kifute. Wanangu wakikiona watasema ni mpaka, na wataanza kuugombania."

Watu wakacheka, na mama wa Dirma akaitoa karatasi yake kwenye kikapu. Hilaria akafuta kijiti, akachapa upya, akagonga mhuri wa duka, na stuli ikapata mtu mwingine. Foleni ilifika barazani. Mchana Rukia, mke wa Abdulrahim, alileta chai na maandazi, na Hilaria akavila akiwa amesimama, kwa sababu dume la mama wa Dirma lilikuwa na maelezo marefu kuliko shamba la Mzee Basili.

Ng'ombe walipokwisha kuondoka na vumbi kutulia, mtu wa uwakala alikuja kuulizia kona yake. Abdulrahim alimpeleka barazani, mahali ambapo zamani ilikuwa meza ya Hilaria, akamwambia hapo panatosha, kona ya ndani ina mtu. Kisha akarudi ndani ameshika ile kibodi nyembamba kwa ncha za vidole.

"Mama Eva, na hii tuifanyeje?"

"Ibakishe, uandikie matangazo yako. Au mpelekee Farida. Mlango wake hauna kitu cha kuuzuia."

Abdulrahim aliipima mkononi. "Nyepesi hii. Upepo wa Babati utaondoka nayo."

Akaiweka kwenye rafu. Hilaria alikikung'uta kitambaa tena, akakikunja mara mbili, akakiacha juu ya kibodi badala ya kukirudisha kwenye printa.